Upepo wa Chini ya Mlango

Mama Redio, jirani yetu wa mlango wa pili, anasema niliwaosha maprofesa miguu. Anasema waliketi wanne kwa mstari, suruali zimekunjwa hadi magotini, nami nimepiga magoti na beseni, na nilipomfikia wa nne, yule mgeni, akabubujikwa machozi na kusema, "Binti, basi, mpeni dada huyo shahada yake, mimi sina la kuongeza." Kila akisimulia anaongeza chumvi. Juzi beseni lilikuwa la bati, jana limekuwa la shaba. Nilipomwuliza nani alimwambia, alijibu, "Mwanangu, mambo ya chuo yana miguu," akacheka mwenyewe hadi akashika mbavu.

Hapakuwa na beseni. Palikuwa na ndoo ya deki, na ndoo hiyo ni yangu. Miguu ya maprofesa ililowa kweli, hilo sikatai. Lakini si mimi niliyewaambia wavue viatu, na aliyetokwa na machozi siku ile hakuwa profesa.

Mimi ni mfanya usafi katika jengo la sanaa. Kabla yangu alikuwepo mama, miaka ishirini na miwili, jengo lile lile, ukumbi ule ule. Ukumbi ni mkubwa, sakafu yake ni ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, rangi ya majivu. Una mlango mkubwa wa mbao unaofunguka kwenye ngazi tatu za nje, na mlango mdogo wa pembeni, karibu na stoo ya viti. Nilipoajiriwa kumsaidia, mama alinifundisha kazi siku moja tu. Alinipa mti wa deki akasema, "Anzia mbali, toka kinyumenyume, usikanyage ulipokwisha kufuta. Na usigeuke kutafuta mlango. Mlango utakuja wenyewe." Basi, masomo yakaisha. Mimi nikadhani ni utani wa wakubwa, lakini baada ya miezi michache nikaona kweli mlango unakuja. Unafuta, unarudi, unafuta, unarudi, mara uko kizingitini. Sikuwahi kujiuliza unakujaje. Nani anajiuliza mkono unakijuaje kinywa?

Kisha mama akaanguka. Alikuwa anatoka kinyumenyume kama siku zote, mlango mkubwa ukiwa wazi, akapita kizingiti bila kusimama, akazifuata ngazi tatu kwa mgongo. Nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali alikuta barua. Mama hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi. Niliisoma yote, nikaruka neno moja. Alikuwa amelala, macho yamefumbwa, akasema, "Umeruka. Rudi." Nikarudi. "Ajali imetokana na uzembe wa mhusika." Chini palikuwa na sahihi ya profesa ambaye ni mkuu wa jengo.

Hakulia. Aliuliza tu, "Uzembe?" kama mtu anayeuliza jina la mgeni asiyemfahamu. Tangu siku hiyo barua iko chini ya godoro lake, na kila mtu akimsifia kitu, hata chai tu kwamba imekolea, hujibu, "Kwa mzembe, si haba." Anacheka anaposema hivyo. Sisi wengine hatucheki.

Sasa nimlete Soksi.

Jina hilo tulimpa sisi wafanya usafi, kwa sababu alikuwa anacheza mle ukumbini asubuhi hadi adhuhuri na soksi nyeusi miguuni. Alikuwa mcheza ngoma za jukwaani, naye alikuwa akiusomea udaktari, si wa sindano, wa vitabu. Ila yeye alitaka kucheza kwenyewe kuwe ndio utafiti, na kitabu kiwe cha kuelezea tu. Siku ya kwanza alinifuata stoo akaniomba ruhusa ya kunitazama nikipiga deki.

"Dada," nikamwambia, "una shahada mbili, unataka ya tatu kwa deki?"

"Nataka kujua unachokijua."

"Najua kupiga deki."

"Ndiyo hicho hicho."

Nilidhani ananicheza shere. Lakini alikuja kesho yake, na kesho kutwa, miaka miwili. Alijifunza kukamua tambara bila kumwaga, kushika mti chini kidogo ya kidevu, kurudi nyuma. Mwanzoni alikuwa anageuza shingo kila hatua ya pili. "Utavunjika shingo, dada," nikawa namtania, "mlango hauibwi." Akaacha kugeuka. Akaniuliza nimeujuaje mlango, nikasema sijui. Akaandika katika daftari lake kwamba kisigino cha mpiga deki kinaujua mlango. Alinionyesha ukurasa huo nami nikausoma kwa kidole, neno kwa neno. Kumbe kisigino changu kimo kitabuni.

Alipoufanya mtihani mara ya kwanza, wakubwa walitazama, wakapiga makofi, kisha wakamrudisha. Walimwandikia kwamba mchezo ni mzuri, lakini utafiti uko wapi? Ni kitu gani kimejulikana leo ambacho jana hakikujulikana? Wakampa nafasi moja ya mwisho. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, karatasi mapajani.

"Wanasema kupiga deki hakuna kitu cha kujua ndani yake," akaniambia.

Niliporudi nyumbani sikumweleza mama. Lakini nilipompa maji ya kunywa niliitazama ile kona ya godoro, na moyo ukaniambia: wakikubali hawa kwamba mna elimu ndani ya deki, basi mtu aliyeifanya miaka ishirini na miwili hawezi kuitwa mzembe kwa mstari mmoja. Na wasipokubali, barua itabaki ilivyo. Kwa hiyo kusema kweli ule mtihani wa pili ulikuwa wa Soksi, lakini nami nilikuwa naufanya, kimoyomoyo, na mama alikuwa anaufanya kitandani bila kujua.

Siku yenyewe waliketi wanne nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa kizito kinachogusa sakafu. Profesa mkuu wa jengo ndiye mwenyekiti. Kulikuwa na walimu wawili wa hapo hapo, na mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mzee mrefu mkavu, macho yake hayapepesi. Meza iliwekwa ubavuni, chini ya dirisha. Mimi niliambiwa nisimame ukutani na ndoo yangu, nikaushe sakafu wakimaliza, na nisiseme neno.

Soksi akaanza. Hapakuwa na muziki. Palikuwa na sauti ya maji, na tambara likiburuta, na pumzi yake. Alianzia ukuta wa mbali, mgongo kwenye mlango mkubwa, na kila alipofuta sakafu iligeuka nyeusi kwa umbo la nusu sahani, sahani juu ya sahani, hadi sakafu yote ya kule ikawa kama imeota magamba, inang'aa. Nami nikaona kitu ambacho kilinikausha mate. Kila baada ya mifuto mitatu alitulia kidogo, akahamisha mkono wa kushoto juu ya mti, akalaza kichwa upande kama anayesikiliza. Yule alikuwa mama. Mama ndiye anayelaza kichwa vile. Soksi hajawahi kumwona mama hata siku moja! Alikichukua kwangu, na mimi sikujua kama ninacho. Nilimwona mama yangu akiwa mzima, kwenye mwili wa mtu baki, anakuja kinyumenyume kuelekea mlangoni, nyonga zake zikiwa salama.

Wakati huo jua lilikuwa limeingia dirishani na kumpiga mtahini mgeni machoni. Akavumilia, akakunja uso, mwisho akamnong'oneza mwenyekiti. Wakainuka polepole wasimsumbue mcheza ngoma, wakaibeba meza, kitambaa, glasi, karatasi na vyote, wakaipeleka kivulini. Kivuli kilikuwa mbele ya mlango mkubwa. Wakaiziba njia yote, wakaketi.

Nilitaka kupiga kelele, "Dada, nyuma!" Lakini nilikuwa nimeambiwa nisiseme neno. Nikaushika mti wa deki hadi vidole vikaniuma.

Soksi alikuja, hatua kwa hatua, na shingo hakuigeuza. Akasukuma kisigino nyuma kutafuta kizingiti. Mgongo ukaikumba meza, glasi zikaanguka, maji yakamwagikia kitabu chake mwenyewe mbele ya mtahini.

Mtahini mgeni aliinua kitabu kilichotota kwa vidole viwili. "Umeandika hapa," akasema taratibu, "kisigino kinaujua mlango. Mbona hakikujua kwamba mlango umezibwa?"

Soksi alikuwa amesimama pale, kifua kinapanda na kushuka. Nilidhani atalia. Badala yake alisema, "Kwa sababu nimeukariri mlango. Aliyenifundisha hakuukariri." Akanyoosha kidole kwangu. "Mwulizeni yeye."

"Yeye ameiona meza ikihamishwa," akasema mwalimu mmoja.

"Basi mfungeni macho."

Walinifunga macho kwa kilemba changu cha kazini. Walinizungusha mara tatu kama watoto wakicheza. Nikasikia meza ikiinuliwa, sijui ikaenda wapi. Nikavua kandambili kama kawaida yangu, nikachovya, nikakamua, nikaanza. Kazi ikanishika, na nilipokuwa katikati ya sakafu nikajua tu kwamba mlango mkubwa leo haupo, na wa stoo upo, kushoto kwangu nyuma. Nikageuza njia. Nikarudi, nikarudi, nikasimama. Nilipofungua kilemba kizingiti cha mlango mdogo kilikuwa kwenye visigino vyangu, na meza ilikuwa imerudi pale pale mbele ya mlango mkubwa.

"Umejuaje?" Mtahini alikuwa amesimama.

"Nimesikia tu, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Anasikia mwangwi. Zibeni masikio yake."

Wakaleta pamba kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Macho yamefungwa, masikio yamezibwa, nikazungushwa tena. Nikapiga deki ndani ya giza lisilo na sauti. Safari hii mlango mkubwa ulikuwepo, meza wameiondoa, nikaufikia. Wakanitoa pamba.

"Sasa umesikiaje?" akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Sijui, mzee. Nimesikia."

Walimu wakaanza kusemezana. Soksi alikuwa anaitazama miguu yangu, imelowa hadi vifundoni, maji yanachuruzika. Kisha akaitazama yake. Akakaa sakafuni pale pale kwenye maji, akavua zile soksi nyeusi, akanipa.

"Vaa."

"Dada, nina miguu michafu."

"Vaa, tafadhali."

Nikazivaa, wakanifunga macho, nikaanza. Jamani. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama mtu amezima taa ndani ya nyumba niliyozaliwa. Nilirudi hatua nne sikujua nakwenda wapi. Ukumbi ulikosa pande. Nikajigonga kwenye ukuta ambao nimeufuta maelfu ya mara, nikasimama nimeushika, nikisema, "Siusikii. Siusikii tena mlango."

"Anasikia kwa miguu," Soksi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye mbele ya jeneza au mbele ya mtoto mchanga. "Baridi. Miguu imelowa, upepo unapita chini ya mlango, unaipuliza. Meza ilipoziba, upepo ukakatika. Mimi nimecheza miaka miwili na soksi." Akamgeukia mtahini. "Nilikosea. Si kisigino. Niandikie kwamba nilikosea."

Mtahini mgeni hakuandika. Aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, kimoja, cha pili, akavua na soksi, akakunja suruali. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa kukosa jua, na mishipa imesimama. Akaja mbele ya ndoo yangu.

"Nilowanishe," akasema.

Nikamgusa vifundo kwa tambara la deki, kwa aibu, huku na huku. Hapo ndipo Mama Redio anapopata beseni lake. Mzee akaupa mlango mgongo, akafumba macho, akasimama. Akarudi hatua moja. Akalaza kichwa upande.

"Lo," akasema. Kisha tena, chini zaidi, "Lo."

Akabaki pale amefumba macho, uso umemlegea, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemwona. Walimu wakatazamana. Mmoja akavua viatu. Wa pili akafuata. Mwisho mwenyekiti naye, nikawalowanisha wote. Watu wanne waliosoma hadi vitabu vikaisha walikuwa wamesimama pekupeku katika ukumbi, macho yamefumbwa, wanarudi nyuma kidogo kidogo kuutafuta mlango, mikono imeachana na miili kama vifaranga. Hakuna aliyecheka. Mimi niliyezoea kuwatania watu nilikosa pumzi. Nilikuwa nimesimama katikati ya kitu ambacho kimekuwa miguuni pangu miaka yote, na kwa mama kabla yangu, na hakuna aliyekuwa amekijua, hata sisi wenyewe tuliokuwa nacho.

Nilipoinama kuzivua soksi za Soksi ndipo maneno ya mama yaliponijia. Mwaka ule, kabla ya kuanguka, wakati sukari ilikuwa imeanza kumsumbua na hatujaijua, alikuwa akirudi kazini, anakaa kitandani, anajipapasa nyayo na kusema, "Leo tena miguu yangu kama imevaa soksi." Tulidhani ni uchovu. Nilimpaka mafuta tu. Kumbe kila siku alikuwa anapiga deki ndani ya giza kama lile nililotoka, na bado anatoka salama, kwa mazoea tu, mgongo ukiugusa mlango uliofungwa, hadi siku ile mlango ulipokuwa wazi wote, upepo umejaa mlangoni, na miguu yake haikuusikia.

Hapo ndipo nilipotokwa na machozi. Soksi akanishika bega.

Walitoka pembeni wakajadiliana, hawakuchukua muda. Mwenyekiti akarudi akasema kitabu kimepita, ukurasa wa kisigino uandikwe upya, na aliyefundisha atajwe kuwa mwalimu, asiitwe tena "mshiriki wa kwanza" kama kitabu kilivyoniita. Mtahini mgeni akampa Soksi mkono, kisha akanipa mimi. Mkono wake ulikuwa baridi. "Binti," akaniuliza, "nani alikufundisha?"

"Mama yangu, mzee. Alikuwa hapa hapa."

"Yuko wapi?"

Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa amekaa kwenye kiti, soksi zake mkononi, miguu bado inadondosha maji. Alinifahamu ni binti wa nani. Niliona anavyonifahamu.

"Alianguka pale," nikasema, na kuonyesha mlango mkubwa. "Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Haikusikia." Nilikwisha kuanza. "Profesa, ofisini kwako kuna faili la mama yangu. Ndani ya faili kuna barua, na ndani ya barua kuna neno moja. Wewe leo umesimama pekupeku, umeusikia mlango. Naomba ulifute lile neno."

Soksi akaacha kukusanya karatasi zake. Mtahini mgeni akageuza kichwa, polepole, akamtazama mwenzake.

Mwenyekiti aliangalia soksi zake. Akaingiza mguu wa kulia katika moja, lakini mguu ulikuwa umelowa, soksi ikanata nusu njia, haikwenda mbele wala kurudi. Akaiacha hivyo. Kule ukuta wa mbali sakafu ilikuwa imeanza kukauka, zile nusu sahani zinafifia moja moja, zinatujia. Nikabaki nimesimama na mti wangu wa deki, nikimngojea. Upepo ulikuwa unapita chini ya mlango, na mguu wake wa kushoto ulikuwa bado wazi.